Saratani ya utumbo mpana: kipimo kinachozuia ugonjwa kabla haujaanza

Mwambie mtu wa miaka 50, anayekula vizuri na kulala vizuri, aende akapimwe saratani ya utumbo mpana. Mara nyingi atakujibu kwa swali: kwani naumwa nini? Si swali la kubezwa. Tumezoea kwenda hospitali mwili ukishalalamika. Lakini kwa ugonjwa huu, wakati mzuri kuliko wote wa kupimwa ni ule ambao huna dalili hata moja, kwa sababu kinachotafutwa wakati huo mara nyingi bado hakijawa saratani. Ni kinyama kilichoota ndani ya utumbo, hakiumi, hakikunyimi hamu ya kula, na kikiachwa miaka mingi kinaweza kugeuka. Kikiondolewa leo, habari yake imeishia hapo.

Hapo ndipo kipimo hiki kinapoachana na vipimo vingi vya saratani. Picha ya matiti, kwa mfano, inasaidia kuiona saratani ikiwa bado ndogo, ila haiwezi kuizuia isitokee. Upimaji wa utumbo mpana, sawa na ule wa shingo ya kizazi, unaweza kufanya yote mawili: kuiwahi saratani iliyokwisha kuanza, na kuikatia njia ile ambayo haijaanza. Watu wengi wanalijua la kwanza tu. Hilo la pili ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu ukishalielewa, mengi yanayowachanganya watu yananyooka yenyewe: kwa nini uanze na umri fulani, kwa nini kipimo kimoja kirudiwe kila mwaka na kingine baada ya miaka 10, kwa nini kipimo kipya cha damu hakijachukua nafasi ya vile vya zamani.

Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Kwa makadirio ya mwaka 2022 ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 1.9 waligundulika na saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo, na zaidi ya 900,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa kati ya saratani zote duniani, na ya pili kwa vifo.

Safari ya miaka kumi

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na utando wa seli zinazochakaa haraka. Kila baada ya siku chache seli hizo hudondoka na nyingine mpya huchukua nafasi. Kazi hiyo ya kujifanya upya haikomi maisha yote, na kila seli inapogawanyika lazima inakili vinasaba vyake. Katika kunakili huko makosa hutokea. Mengi hurekebishwa au seli yenye kosa hufa. Mara chache kosa huangukia kwenye jeni inayodhibiti ukuaji, na seli ile huanza kuzaliana bila kufuata utaratibu. Ndivyo kinyama kinavyoota. Madaktari hukiita polipu, na aina yake inayohusika zaidi na saratani huitwa adenoma.

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Eric Fearon na Bert Vogelstein, waliandika maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kuuelewa ugonjwa huu. Walionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana haitokei kwa pigo moja. Makosa ya jeni hujilimbikiza hatua kwa hatua. Katika wagonjwa wengi huanza kuharibika jeni iitwayo APC, inayofanya kazi ya breki, kinyama kinaota. Baadaye jeni nyingine, kama KRAS, hukipa nguvu ya kukua. Mwishoni hupotea ulinzi wa jeni kama TP53, na seli zinapata uwezo wa kupenya ukuta wa utumbo na kusambaa. Safari hii yote kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi.

Adenoma nyingi hazifiki mwisho wa safari hiyo. Hubaki ndogo, na mwenye nazo huzeeka na kufa kwa sababu nyingine kabisa. Shida ni kwamba daktari akikiona kinyama leo hana njia ya kujua kwa hakika hiki kitatulia na kile kitageuka. Anachokijua ni kwamba hatari huongezeka kadiri kinyama kinavyokuwa kikubwa, hasa kikifika sentimita moja, na kadiri seli zake zinavyoonekana zimevurugika chini ya hadubini. Kwa hiyo adenoma zote zinazoonekana huondolewa.

Kuna pia njia ya pili, isiyojulikana sana. Baadhi ya saratani hutokana na vinyama bapa vyenye kingo kama meno ya msumeno zikitazamwa kwa hadubini. Hivi hukaa zaidi upande wa kulia wa utumbo, hulala kimya chini ya ute, na rangi yake hufanana na ngozi ya utumbo iliyo pembeni. Hata daktari mzoefu anaweza kuvipita. Hii ni mojawapo ya sababu za baadhi ya watu kupata saratani miaka michache tu baada ya kuambiwa utumbo wao ni safi.

Hata hivyo, jambo kubwa linabaki pale pale. Kwa watu wengi kuna dirisha la miaka mingi ambamo ugonjwa unaweza kuzimwa bila upasuaji wa tumbo, bila dawa kali na bila mionzi.

Ushahidi unasemaje

Kusema kwamba kuondoa kinyama kunazuia saratani ni rahisi. Kuthibitisha kumechukua miongo.

Mwaka 1969 huko New York, William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata vinyama kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira wa kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa mpira mrefu wenye kamera unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, na mgonjwa akaepuka kufunguliwa tumbo. Mwaka 1993 matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu watu 1,418 waliokwisha kuondolewa adenoma yalitoka: saratani zilizojitokeza baadaye zilikuwa pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2012 kundi pana zaidi la watu hao, waliofuatiliwa hadi miaka 23, lilionyesha vifo pungufu kwa asilimia 53. Takwimu hizo zilisisimua ulimwengu wa tiba. Lakini zilikuwa na udhaifu mmoja: walilinganishwa na watu wengine kabisa, wala hawakugawanywa kwa kura tangu mwanzo.

Ushahidi ambao mimi binafsi naupa uzito zaidi ulitoka jimbo la Minnesota, Marekani, kwa kipimo kinyonge cha kutafuta damu kwenye kinyesi. Watu zaidi ya 46,000 wenye miaka 50 hadi 80 waligawanywa kwa kura. Wengine wapimwe kila mwaka, wengine kila baada ya miaka miwili, wengine waachwe na huduma zao za kawaida. Mwaka 1993 ikaonekana kwamba waliopangiwa kupimwa kila mwaka walikuwa na vifo pungufu kwa theluthi moja. Mwaka 2000 yakatoka matokeo mengine, yasiyotajwa sana, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo hili: hata idadi ya waliougua ilipungua, kwa asilimia 20 kwa waliopimwa kila mwaka na 17 kwa waliopimwa kila miaka miwili. Kipimo cha kinyesi hakitibu kitu. Ugonjwa ulipunguaje? Ni kwa sababu waliokutwa na damu walifanyiwa kolonoskopi, vinyama vikaonekana na kukatwa.

Uingereza nayo ilijaribu njia ya kati: kuchungulia mara moja tu, kwa watu wa miaka 55 hadi 64, sehemu ya chini ya utumbo kwa kifaa kifupi kiitwacho sigmoidoskopi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba miongoni mwa waliokubali kuchunguzwa, saratani zilipungua kwa theluthi moja na vifo kwa asilimia 43. Uchunguzi wa dakika chache, mara moja katika maisha, faida yake ikaonekana zaidi ya miaka 10 baadaye. Matokeo hayo hayaelezeki bila ile safari ndefu ya kinyama.

Kisha mwaka 2022 ukaja utafiti uliozua mkanganyiko. Watu 84,585 wa Poland, Norway na Sweden waligawanywa kwa kura, wengine wakaalikwa kufanyiwa kolonoskopi na wengine wasialikwe. Baada ya miaka 10, saratani katika kundi lililoalikwa zilikuwa pungufu kwa asilimia 18 tu, na tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutothibitika kitakwimu. Habari zikasambaa kwamba kolonoskopi haisaidii.

Ukisoma kwa utulivu unaona mambo matatu. Kwanza, kati ya walioalikwa, ni asilimia 42 tu waliokwenda. Zile asilimia 18 ni wastani wa kundi zima, pamoja na wengi waliobaki nyumbani. Wachambuzi walipokadiria hali ya wale waliokwenda kweli, punguzo lilikaribia asilimia 31. Pili, upimaji unapoanza hufichua saratani zilizokuwa tayari zimejificha, kwa hiyo kundi lililopimwa huonekana na wagonjwa wengi zaidi miaka ya mwanzo kabla mstari wake haujashuka. Tatu, kwa ugonjwa unaochukua miaka 10 kukomaa, kuhesabu vifo mwaka wa 10 ni kuhesabu mapema. Pamoja na hayo, haifai kuusukuma kando utafiti ule. Unatufundisha kwamba zile asilimia 76 hadi 90 za mwaka 1993 zilikuwa na matumaini kupita kiasi, na kwamba mwaliko peke yake hauzuii saratani ya mtu.

Kuna mahali ambako mwaliko ulifuatiliwa kwa dhati. Kaiser Permanente ya California Kaskazini, shirika la bima na huduma za afya la Marekani, ilianza kuwatumia wanachama wake vipimo vya kinyesi kwa posta na kuwakumbusha wasiorudisha. Waliokuwa wamepimwa kwa wakati walipanda kutoka asilimia 39 mwaka 2000 hadi asilimia 83 mwaka 2015. Katika kipindi hicho wagonjwa wapya walipungua kwa robo, na vifo kwa zaidi ya nusu.

Kipimo kinachokosea, na bado kinaokoa

Kipimo cha kinyesi kinachotumika sana sasa huitwa FIT. Hutumia kingamwili zinazoshika himoglobini ya binadamu peke yake, kwa hiyo huhitaji kuacha nyama wala chakula chochote kabla ya kupima, tofauti na kile cha zamani kilichoweza kudanganywa na mlo. Na kwa kuwa damu inayotoka tumboni juu humeng'enywa kabla haijafika chini, FIT inaonyesha zaidi damu ya utumbo mpana. Unapewa kichupa chenye kijiti cha mifereji midogo. Unakwaruza kinyesi sehemu kadhaa, si kuchota donge. Unarudisha kijiti kwenye kichupa, unakifunga, unaandika tarehe, unakipeleka mapema. Kikikaa siku nyingi kwenye joto, himoglobini huvunjika na kipimo kinaweza kusema hakuna damu wakati ipo.

Katika utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2014, FIT iliyofanywa mara moja iliziona saratani kwa asilimia 74, lakini vinyama hatari iliviona kwa asilimia 24 tu. Msomaji makini atauliza: kipimo kinachokosa vinyama vitatu kati ya vinne kinazuiaje saratani?

Kinazuia kwa kurudiwa. Kinyama kinachohitaji miaka 10 kugeuka hakipiti mbele ya kipimo mara moja, kinapita mara nyingi. Chukua hesabu ya mfano tu: kama kila mara kuna nafasi moja kati ya nne ya kukinasa, baada ya kupima mara tano nafasi ya kukinasa angalau mara moja inafika kama tatu kati ya nne. Hali halisi si nzuri kiasi hicho, maana kuna vinyama visivyovuja damu kabisa, na hivyo huendelea kupita bila kuonekana kila mwaka. Lakini mantiki ni hiyo. Aliyepima FIT mara moja miaka sita iliyopita na kuambiwa hakuna damu, leo hana ulinzi wa maana kutokana na jibu lile.

Sasa tuje kwenye pingili inayokatika mara nyingi kuliko zote: jibu likisema damu ipo. Halimaanishi una saratani. Kwa kawaida chini ya mtu mmoja kati ya kumi wenye jibu hilo ndiye hukutwa na saratani, wengi zaidi hukutwa na adenoma, na wengine hawakutwi na kitu. Kinachofuata ni kolonoskopi, wala hakuna mbadala. Utafiti wa mwaka 2017 uliofuatilia watu wapatao 70,000 wa Marekani ulionyesha kwamba waliochelewa zaidi ya miezi 10 kufanya kolonoskopi baada ya FIT kuonyesha damu walikuwa na saratani nyingi zaidi, na zilizoenea zaidi, kuliko waliowahi ndani ya mwezi.

Ucheleweshaji huo una sura zake. Mtu anasema: hiyo ni bawasiri yangu, naijua. Huenda ni kweli, ila bawasiri haimkingi mtu na saratani, na wapo wenye vyote viwili. Mwingine anaomba arudie kipimo kilekile, mara ya pili kinasema hakuna damu, anashusha pumzi na kwenda zake. Hili linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu kinyama huvuja damu leo na kesho kikatulia. Jibu la pili halifuti la kwanza. Mtu huyo alikuwa amefika mlangoni kabisa.

Ndani ya chumba cha kolonoskopi

Sehemu ngumu hufanyika nyumbani, siku moja kabla. Utumbo lazima usafishwe, la sivyo daktari anatafuta kitu cha milimita tano kwenye matope. Unakunywa dawa ya kuharisha iliyochanganywa na maji mengi, na siku hizi inashauriwa kugawanya: nusu jioni, nusu saa chache kabla ya uchunguzi. Ile nusu ya pili ndiyo inayosafisha upande wa kulia, ambako vile vinyama bapa hujificha. Dalili kwamba uko tayari ni kutoa maji ya manjano hafifu yanayoangaza. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma, dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za kisukari azungumze na daktari siku kadhaa kabla; asiziache wala kuziendeleza kwa kubahatisha.

Wengi hupewa dawa ya kutuliza au ya kusinzia. Mpira wenye kamera husukumwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale unapopokea utumbo mwembamba. Uchunguzi hasa hufanyika wakati wa kurudi. Daktari huvuta polepole, akichungulia nyuma ya kila kunyanzi, akiosha ute, akirudia kona. Kwa muda mrefu kiwango cha chini kimekuwa dakika sita za kurudi huko, na mwaka 2024 miongozo ya Marekani ilikipandisha hadi nane. Akiona kinyama kidogo, hupitisha kitanzi cha waya, hukizungushia pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima, na kukikata. Kikiwa kipana na bapa, kwanza huchoma sindano ya maji chini yake ili kiinuke kutoka kwenye misuli. Husikii maumivu ya kukatwa, kwa kuwa utando huo hauna mishipa ya fahamu ya kuhisi kisu. Kipande kinafyonzwa, kinanaswa kwenye kichujio na kupelekwa maabara.

Si kila mkono ni sawa na mwingine, na hili wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Kuna kipimo cha ubora: katika kila wagonjwa 100 anaowachunguza daktari kwa kupima tu, wangapi amewakuta na adenoma? Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kila asilimia moja ya ziada katika kiwango hicho iliendana na upungufu wa asilimia 3 wa saratani kwa wagonjwa wake. Una haki ya kuuliza kiwango hicho, na daktari mzuri hatachukia.

Hatari zipo, na ni za kutajwa waziwazi. Katika kila kolonoskopi 10,000 za upimaji, takriban tatu hutoboa utumbo na kama 15 husababisha kuvuja damu kwingi, hasa baada ya kukata vinyama. Ni chache, lakini mtu anafanyiwa akiwa mzima, kwa hiyo lazima faida iwe kubwa kuzidi hatari hiyo. Ndiyo maana umri una maana.

Nani, na kuanzia lini

Marekani ilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Japani hupima kinyesi kuanzia miaka 40, kila mwaka. Uingereza, kwa upande wa England, hutuma FIT kila baada ya miaka miwili kwa wenye miaka 50 hadi 74. Tofauti hizi hazimaanishi kwamba nchi moja imekosea. Zinategemea ugonjwa umeenea kiasi gani katika kila umri na kuna madaktari wangapi wa kufanya kolonoskopi zitakazofuata. Kualika watu usioweza kuwafikisha kwenye kolonoskopi ni kuwaachia hofu bila msaada.

Upande wa juu, Marekani inapendekeza upimaji wa kawaida uishie miaka 75, na kati ya 76 na 85 uamuzi uwe wa mtu na daktari wake. Wazee wengine huudhika wakidhani wametupwa. Sababu ni ileile safari ya miaka 10: faida ya kukata kinyama leo huvunwa muongo mmoja baadaye, wakati hatari ya kutoboka na kuvuja damu ni ya leo, nayo hukua na umri. Mzee wa miaka 77 mwenye nguvu ambaye hajawahi kupimwa maishani ana sababu nzuri ya kupimwa. Wa umri huohuo aliyepimwa vizuri miaka yote, na sasa anahangaika na moyo, hana.

Kuna wasiopaswa kusubiri ratiba ya wote. Mwenye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto aliyeugua saratani hii kwa kawaida hushauriwa kuanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika nao, kutegemea kipi kinatangulia. Wenye sindromu ya Lynch, ambao wamerithi kasoro kwenye jeni za kurekebisha makosa ya kunakili, huanza kolonoskopi kwenye miaka ya 20 na kurudia kila mwaka mmoja au miwili, kwa sababu kwao ile miaka 10 hufupishwa sana. Waliorithi jeni ya APC ikiwa mbovu huota mamia au maelfu ya vinyama tangu ujana, na bila matibabu karibu wote hupata saratani. Hawa hufuatiliwa tangu utotoni. Wenye ugonjwa wa muda mrefu wa kuvimba utumbo nao wana ratiba yao.

Na wapo vijana. Marekani, waliozaliwa karibu na mwaka 1990 wana hatari ya saratani ya utumbo mpana mara mbili, na ya puru mara nne, ya ile waliyokuwa nayo waliozaliwa karibu na 1950 walipokuwa na umri huohuo. Mwigizaji Chadwick Boseman aligundulika mwaka 2016 ugonjwa ukiwa hatua ya tatu, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Ratiba ya kuanzia 45 isingemfikia. Kwa hiyo dalili haziangalii umri: damu kwenye choo, choo kubadilika tabia kwa wiki kadhaa bila sababu, kupungua uzito, upungufu wa damu usioelezeka. Mwenye dalili hizo hahitaji upimaji wa jumla wala asijifariji na FIT ya mwaka jana. Anahitaji daktari amchunguze kama mgonjwa.

Kuhusu mwenendo wa maisha niseme kwa kifupi, maana yanajulikana: tumbaku, pombe, unene, kukaa bila kufanya mazoezi, na nyama za kusindikwa, ambazo mwaka 2015 ziliwekwa rasmi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kuyapunguza kunasaidia. Lakini anayekimbia kila asubuhi na kula mboga kila siku naye anaota vinyama.

Vipimo vipya vinapimwa kwa swali moja

Kila mwaka hutangazwa kipimo rahisi zaidi, na watu wanauliza kama sasa wanaweza kuikwepa kolonoskopi. Mimi huwa natafuta takwimu mbili: kinaona saratani kwa kiasi gani, na kinaona vinyama hatari kwa kiasi gani. Kipimo cha kinyesi kinachotafuta pia DNA iliyoharibika kiliona saratani asilimia 92 na vinyama hatari asilimia 42 katika utafiti uleule wa 2014 uliopima FIT, kwa gharama ya kuwashtua watu wengi zaidi wasio na kitu. Kipimo cha damu ya mkononi kilichoidhinishwa Marekani Julai 2024 kiliona saratani asilimia 83, lakini vinyama hatari asilimia 13 tu. Kwa mtu aliyekataa kila kitu kingine, hicho ni bora kuliko kukaa bure, kwani saratani ikikutwa bado imo ndani ya utumbo peke yake, takriban watu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano, wakati iliyokwisha kusambaa mbali huwabakiza chini ya wawili kati ya kumi. Ila kinachotolewa hapo ni kuiwahi saratani. Kuizuia, kwa sehemu kubwa, hakimo.

Mwongozo ambao madaktari wengi huutoa ni kwamba kipimo bora ni kile utakachokifanya kweli. Nakubaliana nao kati ya FIT na kolonoskopi. Anayechagua FIT amechagua pia kuirudia kwa ratiba, na kwenda kolonoskopi siku itakapoonyesha damu. Anayechagua kolonoskopi, ikawa safi na utumbo ulikuwa umesafishwa vizuri, anaweza kukaa miaka 10. Kama zilikutwa adenoma ndogo moja au mbili, miongozo ya Marekani humrudisha baada ya miaka 7 hadi 10. Tatu au nne ndogo, miaka 3 hadi 5. Kubwa ya sentimita moja au zaidi, miaka 3. Kwa hiyo usiondoke na maneno ya mdomo tu kwamba "walikutoa kitu kidogo". Omba nakala ya ripoti ya uchunguzi pamoja na majibu ya maabara, ionyeshe idadi, ukubwa na aina ya vinyama, utumbo ulisafika kiasi gani, na mpira ulifika hadi mwanzo wa utumbo mpana au la. Daktari wa miaka mitano ijayo atapanga tarehe yako kwa karatasi hiyo. Na kama kilichokutwa ni adenoma kubwa au saratani, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako, ukiwatajia na umri uliokuwa nao siku ulipogundulika, ili wajue waanze lini.